Tao la mlango kwa zana za mkono: kwa nini lilivunjika, na namna ya kulijenga upya

*"Fundi, mimi ni seremala hapa Unguja. Nimepewa kazi ya kutengeneza upya fremu ya mlango wenye tao katika nyumba ya zamani Mji Mkongwe, kwa kuwa iliyopo imeoza. Uwazi wa ukutani una upana wa sentimita 146 na tao ni nusu duara. Mwenye nyumba anataka uso wa fremu uwe sentimita 12 ili uchongwe nakshi. Nilinunua mninga wa inchi 2 kwa 12, nikakata tao kwa vipande viwili vinavyokutana juu katikati. Kimoja kilikatika karibu na ncha wakati nachonga ulimi. Cha pili randa inang'oa nyuzi kila nikipita upande wa ndani. Sina mashine: nina misumeno, tezo, patasi, bobari, randa na kekee. Jirani ananishauri nichemshe mbao niipinde. Mwingine anasema nibandike mbao nyembamba kwa gundi. Je, mbao ndiyo mbovu au mkono wangu? Na nifuate njia ipi?"*

Fundi mwenzangu, mninga wako si mbovu na mkono wako hauna kosa. Kilichokuponza ni mgawanyo wa vipande. Tao linaweza kukatwa vizuri kabisa, mstari ukawa safi, na bado likavunjika mkononi kwa sababu nyuzi za mbao hazikufuata mzunguko. Hilo tukilielewa, maswali yako yote matatu, la kuvunjika, la randa na la kuchemsha, yanapata majibu kutoka mahali pamoja.

Ubao ulionyooka una nyuzi zilizonyooka. Ukichora kipande cha tao juu yake, katikati ya kipande mzunguko na nyuzi vinakwenda sambamba. Ukielekea nchani mzunguko unageuka lakini nyuzi hazigeuki. Tofauti yake inapimika: kipande kinachobeba digrii 90 za duara, kama vyako viwili, kwenye kila ncha nyuzi za mbao zinakata upana wa kipande kwa mshazari wa digrii 45. Hapo mbao haishikwi tena na nyuzi ndefu. Inashikwa na gundi ya asili iliyo baina ya nyuzi, na hiyo ni dhaifu mara nyingi zaidi. Ukachonga ulimi, ile ncha nyembamba inayoingia kwenye tundu la kiungo, palepale, ukagonga patasi, kipande kikapasuka kama mkate. Ingekuwa ajabu kama kisingepasuka.

Kanuni ninayokushauri uishike ni hii: mshazari wa nyuzi nchani ni nusu ya pembe ya kipande. Kipande cha digrii 90 kina mshazari wa 45. Cha digrii 60 kina 30. Cha 45 kina 22 na nusu. Cha 36 kina 18. Kwa fremu itakayochongwa nakshi na kupigwa na mlango kila siku, usizidi digrii 20. Kwa hiyo nusu duara lako, lenye digrii 180, ligawe vipande vitano vya digrii 36.

Vitano vina faida nyingine. Idadi ikiwa shufwa, kiungo kimoja kinaangukia kileleni, mahali ambapo jicho la kila apitaye linatua na ambapo kwa kawaida pambo kubwa la nakshi linakaa. Idadi ikiwa witiri, kileleni panakuwa na mbao nzima.

Sasa kuhusu ushauri wa majirani. Wote wawili wamesema jambo lenye ukweli ndani yake, ila halifai kazi hii.

Kuchemsha au kufukiza mbao kunalainisha nyuzi, na mbao iliyolainika inakubali kubanwa sana. Haikubali kuvutwa: upande wa nje wa mpindo ukirefuka zaidi ya asilimia 1 au 2, unapasuka. Tazama fremu yako. Nusu kipenyo cha ndani ni sentimita 60, cha nje 72. Ukingo wa ndani wa tao una urefu wa sentimita 188 na nusu. Wa nje una 226. Tofauti ni karibu sentimita 38, yaani asilimia 20. Hakuna ubao unaorefuka hivyo. Mafundi wanaopinda mbao nene hufunga utepe wa chuma upande wa nje wenye vizuizi imara nchani, ili mbao ilazimike kubanwa upande wa ndani badala ya kuvutwa nje. Hata kwa njia hiyo, unene wa sentimita 12 kuelekea kwenye mpindo unahitaji nguvu ambazo kwenye banda la useremala huna. Aidha mbao zetu ngumu za nchi za joto, hasa zilizokwisha kauka, hupindika vibaya. Mbao zinazosifika kwa kupindwa ni za nchi za baridi. Ukichemsha mninga wako kwenye pipa utapata ubao uliolowa, utakaopasuka ukikauka.

Kubandika mbao nyembamba kunawezekana. Kwa mzunguko wako ungehitaji mbao za milimita 4, kiasi cha 30 kwa sentimita 12, kila moja ndefu kuliko mita 2.3, zote zimepasuliwa na kurandwa kwa mkono ziwe unene mmoja. Halafu ungehitaji kalibu ya kupindia, na jiriwa za kubania kila sentimita 10 hadi 15. Gharama hiyo ungeweza kuivumilia, lakini kuna nakshi. Ukichonga juu ya mbao zilizobandikwa, kila ua litakatwa na mistari ya gundi, na gundi iliyokauka inakula makali ya bobari. Njia hiyo iweke kwa ajili ya ukanda mwembamba wa urembo usiochongwa.

Ipo njia ya tatu ambayo hukuitaja, na ni ya kwetu: kutafuta mti uliojipinda wenyewe. Mafundi wa majahazi, kama wale wa Nungwi, huchagua matawi yenye mpindo kwa ajili ya mataruma, yaani mbavu za chombo, kwa kuwa nyuzi zinafuata umbo na taruma halipasuki. Kwa nguvu, hakuna njia inayoishinda. Kwa fremu ya mlango ina shida mbili. Mbao ya tawi lililokua kwa kuinama ina mkazo ndani yake na hucheza sana ikikauka. Chombo cha baharini kinavumilia, mlango unaotakiwa kufunga sawasawa hauvumilii. Na kupata matawi yenye mpindo mmoja wa nusu kipenyo cha sentimita 66, rangi moja na ukavu mmoja ni bahati. Ukiipata mbao ya namna hiyo, itumie kwa kazi nyingine.

Kwa hiyo njia yako ni vipande vya kukata, vilivyopangwa tabaka mbili.

Tabaka la mbele lina vipande vitano kamili vya digrii 36. La nyuma lina nusu kipande mguuni, vinne kamili, kisha nusu kipande kwenye mguu wa pili. Viungo vya mbele viko kwenye digrii 36, 72, 108 na 144. Vya nyuma viko kwenye 18, 54, 90, 126 na 162. Kila kiungo cha tabaka moja kinaangukia katikati ya kipande cha tabaka jingine, umbali wa sentimita 20 kutoka kiungo chochote. Hivyo udhaifu wa nyuzi fupi nchani unafunikwa na nyuzi ndefu zilizo nyuma yake, na huna haja ya kuchonga ulimi hata mmoja ndani ya tao lenyewe. Vyote ni vipande 10 vya kiolezo kimoja. Kimoja katika hivyo unakikata katikati upate nusu mbili za miguuni.

Hesabu ya mbao ni rahisi. Upana unaohitajika kwa kila kipande ni nusu kipenyo cha nje, ukitoa nusu kipenyo cha ndani kilichozidishwa kwa kosaini ya nusu ya pembe: 72 ukitoa 60 mara 0.951, unapata karibu sentimita 15. Urefu ni sentimita 44 na nusu. Ubao wa inchi 6 una sentimita 15 kamili kabla hata hujauranda, kwa hiyo hautoshi. Nunua wa 2 kwa 8. Kata vipande vya sentimita 50; vipande 10 ni mita 5, nawe chukua mbao mbili za futi 10 ili ubaki na nafasi ya kukwepa fundo na ufa. Unene wa inchi 2 ukirandwa unabaki sentimita 4 na kitu. Tabaka mbili ni 8.

Usianze kukata mpaka mbao zimekauka kwa hali ya hewa ya hapo hapo zitakapokaa. Zipange ndani ya banda na vijiti katikati yake, chukua kipande cha sentimita 20 kilichokatwa mbali na ncha ya ubao, ukipime kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, ni dalili kuwa zinakaribia kuwa tayari. Sababu yake ina madhara makubwa kuliko inavyodhaniwa. Mbao haifupiki kwa urefu wa nyuzi, inasinyaa kwa upana. Kipande cha tao kikisinyaa upana bila kufupika, pembe zake za nchani zinabadilika. Chako cha digrii 36 kikisinyaa asilimia 3, kila kiungo kitafunguka upande wa ndani wa tao kwa milimita 2 hivi, na hakuna gundi wala kigingi kitakachozuia. Ukiona milango ya tao yenye nyufa zinazoanzia chini ya tao kwenye viungo, jua ilijengwa kwa mbao mbichi.

Mninga una sifa hapa: unasinyaa kidogo kuliko mbao nyingi na hutulia. Mvule nao ni mzuri, hustahimili mchwa na maji, lakini nyuzi zake husukana, na ndani yake mara nyingine kuna vijiwe vya chokaa vinavyovunja makali. Mbao zote mbili vumbi lake linawasha pua na kifua. Funga kitambaa, au vaa barakoa, unapopiga msasa.

Kabla ya kuchora, pima ukuta. Matao ya mawe ya matumbawe na chokaa mara chache huwa nusu duara halisi. Pima upana mahali panapoanzia mzunguko, halafu pima kimo kutoka mstari huo hadi kileleni. Kwa upana wa 146 kimo kinapaswa kuwa 73. Kikipungua, hilo si nusu duara, na nusu kipenyo unakipata hivi: upana mara upana, gawa kwa mara nane ya kimo, ongeza nusu ya kimo. Mfano, upana wa 120 na kimo cha 45 vinakupa 40 na 22.5, jumla 62 na nusu. Hakikisha pia kwa kadibodi: ikate, isukume mahali pake, uone inagusa wapi. Tao la ukuta likiwa limekaa upande, tengeneza fremu iliyo sawa na uache chokaa izibe tofauti, ilimradi tofauti hiyo isizidi sentimita 2 au 3. Mimi nimehesabu nafasi ya sentimita 1 kila upande, ndipo ikapatikana 72.

Chora ukubwa halisi juu ya plaiwudi au sakafu safi. Piga mstari wa msingi, weka kitovu, pigilia msumari. Chukua ufito ulionyooka, toboa tundu la msumari, na matundu mawili ya penseli kwa sentimita 60 na 72. Zungusha. Kisha gawanya ukingo wa nje mara tano: ufito mwingine wenye misumari miwili iliyoachana sentimita 44 na nusu utakanyaga hatua tano na kuishia kwenye mstari wa msingi barabara. Ukipitiliza au ukipungua, rekebisha umbali wa misumari, usirekebishe hatua ya mwisho peke yake. Kutoka kitovuni vuta mstari kwenye kila alama. Mistari hiyo ndiyo viungo vyako. Hapo ndipo utengeneze kiolezo cha plaiwudi nyembamba, ukikilaza juu ya mchoro hadi kila ncha ilingane.

Weka kiolezo kwenye ubao nyuzi zikiwa sambamba na mstari unaounganisha ncha zake mbili. Ubao wenye nyuzi zinazopinda kidogo kuelekea upande wa tao ni zawadi. Utumie kwa kipande cha kileleni.

Sasa zana. Anza na upande wa ndani, ule wa bonde, wakati ukingo wa nje bado umenyooka, kwa kuwa ukingo ulionyooka unakaa imara juu ya meza. Kina cha bonde ni sentimita 3 tu katikati. Piga msumeno mistari ya kushuka kila sentimita 3, uishie milimita 2 kabla ya mstari. Vunja vipande vilivyobaki katikati kwa patasi pana, ukitokea nchani kuelekea katikati, pande zote mbili. Usiikabili mbao yote kwa pigo moja. Toa nusu ya kina kwanza uone inavyopasuka, maana mpasuko ndio utakaokuonyesha nyuzi zinaelekea wapi kwa kweli, tofauti na zinavyoonekana juu. Ukingo wa nje kazi yake ni nyepesi: kata pembe kwa msumeno mara mbili au tatu kwa mistari iliyonyooka, halafu tezo, ukianzia kilele cha kipande kushuka nchani. Tezo iishie milimita 3 nje ya mstari. Makali yake yawe yanapita mbao kwa kuteleza, yasiingie kwa kuchimba.

Hapa ndipo jibu la randa yako lilipo. Nyuzi zinang'oka pale makali yanapopanda dhidi yake. Katika bonde, njia salama ni kushuka kutoka kila ncha hadi katikati, na kusimama hapo. Ukipita katikati ukaendelea kupanda upande wa pili, makali yanaingia chini ya nyuzi na kuzinyanyua. Katika kilima, upande wa nje, ni kinyume: anzia kileleni, shuka nchani. Ukirandia tao lote baada ya kuliunganisha, mwelekeo unabadilika mara mbili kwa kila kipande, ndiyo maana kila kipande kinapaswa kurandwa karibu na mstari kabla ya kuunganishwa, kikibakiwa na nusu milimita tu.

Randa ya kawaida yenye tumbo bapa haiingii bondeni. Inagusa kwa kisigino na pua, makali yanaelea, nawe unalazimika kuyatoa nje kupita kiasi. Hilo pia limekuumiza. Tengeneza randa yako. Chukua kipande cha mbao ngumu kavu, urefu sentimita 20, tumbo lake ulichonge lifuate duara la nusu kipenyo cha 55, dogo kidogo kuliko la kazi. Kwa urefu huo, katikati ya tumbo itakuwa chini kuliko ncha zake kwa milimita 9 hivi. Ulimi wa chuma uulaze digrii 45 kwa mninga, 50 au zaidi kwa mvule. Mdomo wa randa uwe mwembamba, maranda yapite kwa tabu kidogo. Mdomo mpana unaziachia nyuzi zinyanyuke kabla ya kukatwa. Noa mara kwa mara. Panapokataa kabisa, kwangua kwa kipande cha chuma cha msumeno wa zamani, kingo zake zikiwa zimenyooshwa kwa tupa na kupindwa kidogo kwa kusuguliwa na chuma kigumu.

Kosa ambalo halionekani mpaka siku ya kuunganisha ni ukingo usio wima. Unafuata mstari upande unaoutazama, upande wa pili umebaki nje au umeingia ndani. Chora kiolezo pande zote mbili za kipande, na pitisha guni, kipimo cha pembe mraba, kila sentimita 5.

Ncha za vipande zikate kwa msumeno wenye meno madogo, kisha zisawazishe kwa randa kali iliyolazwa ubavuni hadi mstari wa kitovu. Panga tabaka la mbele juu ya mchoro. Mwanya wowote unaopitisha karatasi urudie sasa.

Tandika nailoni juu ya mchoro gundi isishike. Pigilia vipande vya mbao kuzunguka ukingo wa nje, panga tabaka la mbele uso chini, kaza viungo kwa kabari. Paka gundi ya epoksi, laza tabaka la nyuma, kaza jiriwa kila sentimita 15. Huna jiriwa za kutosha? Zungusha kamba nene nje ya tao, mguu hadi mguu, uisokote kwa kijiti. Inavuta viungo vyote kwa usawa. Nyuso uziwekee mawe mazito juu ya mbao. Gundi ikishika, toboa kwa kekee matundu ya milimita 10 na gonga vigingi vikavu vya mbao iliyonyooka, vinne kwa kila kipande, sentimita 3 kutoka kingo. Gundi itachoka kabla ya mbao. Vigingi ndivyo vitakavyobaki.

Nusu kipande cha mguuni kina upande wake. Ncha iliyokatwa katikati ya kiolezo, ambapo nyuzi ziko sambamba na mzunguko, iwe chini. Hivyo nyuzi zake zinaungana na za mwimo, nguzo ya ubavuni ya fremu, kwa mstari mmoja, mahali panapobeba mzigo mkubwa kuliko pote.

Kwenye kiungo cha mguu na mwimo usichonge ulimi kutoka kwenye tao. Tumia ulimi wa kupachika, wa mbao iliyonyooka: unene sentimita 2 na nusu, upana 7, urefu 16, nusu inaingia kwenye tao na nusu kwenye mwimo. Kila nusu ipate vigingi viwili. Tundu la kigingi kwenye ulimi litoboe karibu na bega la kiungo kwa milimita 1 na nusu kuliko tundu la nje, ili kigingi kilichochongoka kikiingia kivute kiungo kifunge chenyewe. Ukizidisha milimita 2 utapasua. Baada ya hapo pigilia ubao wa kushikilia kutoka mguu mmoja hadi wa pili, usiutoe mpaka fremu iko ukutani.

Jambo moja dogo la kurahisisha: tabaka la nyuma ukilikata kwa nusu kipenyo cha ndani cha 61 na nusu badala ya 60, unapata hatua ya sentimita 1 na nusu ya kukalishia ubao wa tao, ule unaoziba nusu duara, bila kuchimba. Nasema ubao wa tao, kwa sababu nakushauri mbawa za mlango ziishie kwenye boriti ya kulala chini ya tao, na nusu duara iwe imetulia. Mbawa zenye vichwa vya mviringo zikifunguka ndani ya ukuta mnene, ncha ndefu ya katikati inaelekea ubavuni, ambako tao la ukuta ni la chini, nayo inagonga. Kama mwenye nyumba anazitaka, pima kwanza uwazi wa ndani ya ukuta.

Nakshi ichongwe tao likiwa limeungwa. Kwenye mstari wa katikati wa uso, wenye nusu kipenyo cha 66, una urefu wa sentimita 207. Ugawe maua 25. Kila ua linapata sentimita 8.3, kila kipande cha mbele kinabeba maua matano kamili, viungo vyote vinaangukia baina ya ua na ua, na ua la 13 linakaa kileleni. Usichimbe zaidi ya sentimita 1.

Mwisho ni mambo usiyoweza kuyaamua ukiwa peke yako na wala mimi siwezi kukuamulia kutoka mbali. Mji Mkongwe ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ndiyo yenye neno juu ya milango yake. Waone kabla hujang'oa chochote. Huenda wakakuambia fremu ya zamani ibaki. Choma kwa kisu sentimita kwa sentimita: mara nyingi kilichooza ni sentimita 20 au 30 za chini ya mwimo na mguu wa tao, nacho kinakatwa na kuungwa mbao mpya bila kuligusa tao. Hata kama imeoza yote, usiichome kuni; ni kiolezo, na nakshi yake ni kumbukumbu ya nyumba.

Uliza pia kwa nini imeoza. Ukikuta plasta ya saruji imezunguka fremu, umepata mchawi: ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua, saruji inazuia, unyevu na chumvi vinatafuta njia kupitia mbao. Fremu mpya izungushiwe chokaa, na ukingo wa nje unaoelekea ukutani, pamoja na kila ncha ya nyuzi, upakwe mafuta ya kitani mara tatu kabla ya kusimamishwa.

Na kabla ya kuitoa ya zamani, tazama juu yake. Ufa unaopanda kutoka kilele cha tao la mawe, chokaa inayomwagika ukigonga, au boriti zilizooza ndani ya ukuta, maana yake fremu inaweza kuwa ndiyo inayoshikilia jengo. Hapo weka nguzo za muda, simamisha kazi, mwite mwashi anayejua kuta za chokaa au mhandisi aje asimame mahali hapo aangalie kwa macho yake.